Ndege Aliyekohoa

Nyumba ya marehemu mzee ilikuwa na sebule moja pana, mpaka mwanawe mkubwa alipoleta matofali ya saruji akajenga ukuta katikati. Hakupima. Alijenga palepale hasira ilipomwonyesha. Dirisha likagawanyika, nusu huku nusu kule, na taa ya darini ikabaki upande wake. Mdogo mtu alikaa gizani wiki nzima mpaka alipopata fundi wa umeme.

Mkubwa walimwita Chuma, kwa sababu hakuwa mtu wa kupinda. Mdogo walimwita Domo. Midomo yake ilichongoka mbele kama ya mtu anayepuliza chai, na lililokuwa moyoni mwake halikulala humo. Tumbo moja, titi moja, na miaka saba hawajapeana hata salamu ya kutikisa kichwa. Wake zao walisemezana vizuri tu, wakiazimana pasi na ungo kwa mlango wa nyuma, lakini waume wakitokea kila mmoja hushika kazi yake kama hamjui mwenziwe.

Husemwa ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Watu wa mtaa ule walilima, wakavuna, wakalima tena, na ugomvi ulikuwa bado mbichi.

Chanzo chake kilikuwa ndege.

Ndege mwenyewe hajazi kiganja. Mgongo wa kahawia, koo la manjano, mkia kama kijiti cha kiberiti. Ukimtazama utauliza hiki nacho ni kitu cha kugombaniwa? Lakini duniani kote hapatikani isipokuwa kwenye kisiwa kile kimoja, na kisiwani kwenyewe hapatikani isipokuwa kwenye msitu wa mlimani, nyuma ya ofisi ya misitu. Humwita kitiriri kwa mlio wake: tiri, tiri, tiii. Wageni wakimsikia husema anaimba. Haimbi, anatukana. Dume la kitiriri lina kipande chake cha msitu, na likisikia dume jingine jirani haliwezi kunyamaza. Litapaza sauti mpaka koo litetemeke, likimwambia mwenziwe atoke.

Mzee ndiye aliyejua kuitumia hasira hiyo. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuhesabu vitiriri. Alfajiri moja kila mwaka, mvua zikikatika, alipanda msituni, akasimama kila baada ya hatua mia mbili, akapiga mluzi wa kitiriri mara tatu, akasubiri. Kila dume lililojibu liliwekewa alama daftarini. Wanawe wawili aliwafundisha mluzi huo kwa fimbo. Mlio wa tatu ukishuka, fimbo ya miguu.

"Ndege si mjinga," alikuwa akisema. "Ukimtukana vibaya hakujibu."

Mzee alikufa asubuhi ya hesabu. Domo alikuwa juu msituni na daftari. Chuma akatuma mtu kumwita, Domo akamjibu, "Namaliza, vimebaki vituo vinne." Alipoteremka, mzee alikuwa ameshafunikwa shuka. Chuma akamwambia mbele ya watu, "Umewahesabu ndege, baba hukumhesabu." Na Domo, badala ya kulia, akafungua kinywa: "Baba mwenyewe alisema hesabu haikatwi katikati. Wewe hukuijua kazi yake, ulijua sahani yake tu."

Hapo ndipo matofali yalipoagizwa.

Mkuu wa ofisi ya misitu, waliyemwita Bwana Msitu, hakutaka kuwapoteza wapiga mluzi wawili pekee waliobaki. Akaugawa msitu. Juu pakawa pa Domo, chini pa Chuma, na mpaka ukawa korongo lenye kichaka kizito. Wahesabu siku ileile na saa ileile, ndege wasije wakahama kwa huyu wakahesabiwa tena na yule. Ilikuwa akili nzuri. Kila mmoja alianzia mwisho wake akamalizia korongoni. Na kila mmoja, akijua mwenziwe yuko ng'ambo, hakuteremka mpaka chini wasije wakatazamana usoni. Alisimama kwenye ukingo wake, nyuma ya kichaka, akapiga mluzi kutoka hapo.

Mwaka wa kwanza korongo lilitoa ndege wanne. Mwaka wa nne, tisa. Mwaka huu, kumi na wanne, saba katika daftari la Domo na saba katika la Chuma. Huko juu nako walikuwa wakipungua: kumi na wawili, kumi, saba. Ofisi ikafikiri ikapata jibu, kwamba ndege wanahamia korongoni. Domo mwenyewe aliamini. Ndege wa korongoni walikuwa wakali ajabu. Ukiwapigia mara tatu wanakurudishia mara tano. Kila mwaka aliondoka pale damu imemchemka, asijue kwa nini.

Basi likaja jambo la mawe. Kampuni ya machimbo iliutaka msitu wa juu, kwa kuwa chini ya miti ile kuna mwamba mzuri. Bwana Msitu akapekua taarifa zake za miaka saba, akasema, "Ndege wenyewe wameshahama. Korongo tutalizungushia uzio, juu wachukue." Vigingi vyekundu vikapigwa kati ya miti ya Domo. Kibali kilikuwa kitiwe saini Ijumaa.

Jumatatu ya wiki hiyo Domo aliitwa ofisini na mtaalamu, mwanamke mpole aliyetumwa na makao makuu, ambaye siku ya hesabu alikuwa amefunga visanduku vya kunasia sauti kwenye matawi ya korongoni. Alimkaribisha chai, akaweka kisanduku mezani. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu.

"Msikilize huyu," akasema. "Huyu ndiye mfalme wa korongo."

Tiri, tiri, tiii. Mara tano, safi, mlio wa tatu umesimama wima kama mlingoti. Kisha ndege akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kifuani. Kikafuatwa na cha pili, halafu mkoromo, halafu mtu akatema.

Domo akapaliwa na chai. Kikohozi hicho kilimwamsha kila siku ya Mungu, kupitia ukutani, mwaka wa saba sasa.

"Ni nyani?" mtaalamu akauliza.

"Kisiwa hiki hakina nyani," Domo akasema. "Labda huyo mmoja."

Mtaalamu akasogeza mbele. Kutoka ukingo wa pili kitiriri mwingine akajibu, sauti nyembamba kidogo, mara tatu. Kisha ndege huyo akasema waziwazi, "Ala! Upupu! Mbwa wewe!"

Mtaalamu akavua miwani.

"Huyo ni mimi," Domo akasema.

Walisikiliza kisanduku chote, na cha pili, na cha tatu. Korongoni hapakuwa na ndege hata wa dawa. Palikuwa na wanaume wawili wa tumbo moja, kila mmoja amejibanza kichakani akimtukana mwenziwe kwa lugha ya ndege, na kila mmoja akimwandika mwenziwe daftarini. Huyu akisogea hatua mia mbili, yule naye anasogea, na daftari linapata dume jipya.

"Kwa hiyo wale saba wa juu hawajahamia popote," mtaalamu akasema polepole.

"Hawana pa kuhamia," Domo akasema. "Ndio waliobaki. Na Ijumaa wanakatiwa miti."

Waliingia kwa Bwana Msitu pamoja. Aliwasikiliza huku akiangalia ukuta, mahali kilipotundikwa cheti cha pongezi alichopewa kwa sababu ya ndege wa korongoni.

"Miaka saba nimepeleka taarifa juu," akasema. "Leo niandike kwamba nilikuwa nahesabu watu?"

"Andika," Domo akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Wewe sawa, umejitaja. Lakini kikohozi hakina jina, Domo. Na mtaa mzima unajua mambo yenu. Ukisema peke yako watasema unamchongea kaka yako. Chuma aje aseme kwa kinywa chake. La sivyo, Ijumaa naweka saini."

Jioni ile Domo akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. Alizunguka nyumba ya baba yake akapiga hodi mlango wa mbele, upande wa pili.

"Karibu, shemeji," mke wa Chuma akasema, macho yakimtoka.

Chuma alikuwa kitini akipiga viatu vyake dawa. Hakuinua kichwa. "Mama, nani huyo?" akamuuliza mkewe.

"Si ndugu yako."

"Muulize kuna msiba? Maana yeye kwenye misiba huchelewa."

Domo akameza. Alikuwa ameapa njiani kwamba atameza matusi matatu kabla ya kujibu moja. Akasimama kizingitini, akaeleza yote, visanduku, kikohozi, upupu, vigingi, Ijumaa. Brashi ya Chuma haikusimama.

"Mama, mwambie ndege wangu nawajua. Yeye kama alihesabu watu si ajabu. Tangu zamani hajui kutofautisha mtu na ndege."

"Jamani, mimi si simu," mke akasema. "Huyo hapo, ongeeni."

"Mwambie pia juu pakichimbwa, mimi chini nitabaki na msitu wangu na kazi yangu. Yeye ndiye atakayekosa pa kusimama."

"Chuma," Domo akasema, "wale ni ndege wa baba."

Brashi ikasimama kidogo. Kisha ikaendelea. "Mama, funga mlango, mbu wanaingia."

Hilo Domo hakulimeza. "Mpumbavu wewe, sijui umezaliwa na nani, na mama yetu ni mmoja!" akafoka, na mlango ukafungwa usoni pake.

Usiku ule alifikiri kama mzee, si kama ndugu. Dume likinyamaza unafanyaje? Hulibembelezi. Unaingia kipande chake, unalia.

Asubuhi kabla jua halijatoka alikuwa ameketi kwenye nusu yake ya sebule, kisanduku cha mtaalamu juu ya kiti, kikiuelekea ukuta. Mke wake akamsimamia kichwani.

"Unamtega kaka yako?"

"Namtega."

"Na akijua?"

"Nataka ajue. Nyamaza."

Ng'ambo, beseni liligonga sakafu. Chuma alikuwa akinawa uso, kama kila siku, hatua mbili kutoka ukutani. Domo akachongoa midomo akapiga mluzi. Aliupiga vibaya makusudi. Mlio wa tatu aliuachia ukashuka, ukalegea kama kamba ya nguo. Mluzi ambao baba yao angeshika fimbo.

Maji yakaacha kumwagika.

Akapiga tena, vibaya zaidi. Kimya. Akamsikia Chuma akivuta pumzi puani. Akapiga mara ya tatu, akaukokota mlio wa mwisho mpaka yeye mwenyewe akasikia haya.

Ukuta ukajibu. Tiri, tiri, tiii! Mara tano, safi, wima, kwa nguvu ya mtu aliyechokozwa kwake. Kisha kikohozi, cha pili, mkoromo, kutema. Kisha maneno, ya kwanza kumfikia Domo moja kwa moja kwa miaka saba:

"Hivyo ndivyo mluzi unavyopigwa, mjinga wewe!"

Domo akabonyeza kitufe. Alijiona kama mtu aliyeiba kitu madhabahuni.

Ofisini mtaalamu alifungulia sauti mbili, ya korongoni na ya sebuleni, moja baada ya nyingine. Mtoto mdogo angejua ni koo moja. Chuma alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Umeniingizia chombo nyumbani mwangu," akasema. Sasa hakumpitia mtu.

"Chombo kilikuwa upande wangu. Ukuta uliujenga wewe."

Chuma akarusha kofia, ikampiga Domo usoni, na Bwana Msitu akaingia kati yao kwa tumbo lake. "Hapa ni ofisi! Hapa ni ofisi!"

"Nitazipeleka makao makuu, bwana," mtaalamu akasema taratibu. "Zote."

Bwana Msitu akatazama cheti chake kwa mara nyingine, kama anavyotazamwa mgonjwa asiyepona. Akaamuru hesabu mpya, Alhamisi. Lakini msimamizi wa machimbo, mtu wa mabuti makubwa aliyekwishaleta mashine mpaka barabarani, akaja na sharti lake.

"Mpiga mluzi mmoja tu," akasema. "Wa pili aketi ofisini mbele yangu, mdomo wake niuone. Na huyu Domo asipige, ana lake jambo. Apige mkubwa. Ndege wakijibu, naondoka. Wasipojibu, juu hakuna ndege na mimi naingiza msumeno. Tusisumbuane."

Lilikuwa sharti la haki, na ndiyo maana lilimuua Domo. Ndege saba wa juu, wa mwisho, walikuwa wamewekwa kwenye midomo ya mtu aliyempiga kwa kofia mbele ya watu. Chuma hakuhitaji kudanganya. Alihitaji tu kuushusha mlio wa tatu, basi. Ndege hajibu mluzi mbaya, na hakuna mtu mwingine kisiwani angejua kwamba ulikuwa mbaya.

Siku mbili hizo Domo hakula vizuri. Mke wake alimwambia, "Nenda ukamwombe radhi." Akajibu, "Nikimwomba atajua naogopa, ndipo atafanya kweli."

"Basi usimwombe."

"Nisipomwomba pia atafanya."

"Basi wewe umekwisha," mke akasema, akaenda kumenya viazi.

Alhamisi kabla ya mapambazuko Domo alikuwa kwenye benchi la ofisi, mikono magotini. Msimamizi wa machimbo alikaa kiti cha mbele yake, wakatazamana kama majogoo. Kituo cha kwanza cha msitu wa juu kiko nyuma tu ya ofisi, mwendo wa kuitana. Chuma alikuwa amepita mlangoni na mtaalamu na Bwana Msitu bila kugeuza shingo.

Nje kukanyamaza. Kisha mluzi ukaja.

Tiri, tiri, tiii, na mlio wa tatu ukashuka. Ukalegea, ukakokotwa mpaka mwisho. Ulikuwa mluzi uleule wa sebuleni, kipimo kwa kipimo. Msituni hakuna aliyejibu.

Domo akasimama.

"Kaa," msimamizi akasema.

"Anapiga vibaya!"

"Mimi nasikia ndege tu. Kaa, na ufunge mdomo. Ukipiga hata nusu, hesabu imeharibika."

Domo akakaa. Midomo yake ilikuwa inachongoka yenyewe. Akaifunika kwa kiganja, akaona haitoshi, akang'ata nyama ya kidole gumba akaishikilia kwa meno. Alimlaani Chuma kwa jina la baba, akakumbuka baba ni mmoja, akamlaani hivyohivyo.

Kimya kikaendelea, kirefu, mpaka msimamizi akanyoosha miguu, buti juu ya buti.

Kisha mluzi wa pili ukapasua hewa. Huu ulisimama wima. Mara tatu, jinsi mzee alivyotaka, si zaidi, na kabla wa tatu haujafa, kutoka juu kabisa, kitu kidogo kikamlipukia Chuma kwa matusi. Tiri, tiri, tiii! Kikafuata kingine, upande wa kushoto, kwa ukali kama kimemwagiwa maji ya moto.

Msimamizi akateremsha miguu yake.

Waliteremka jua likiwa kali. Suruali ya mtaalamu ilikuwa imejaa mbegu za nyasi. Akafungua daftari mezani akasoma: chini kumi, korongoni hakuna, juu wanane. Msimamizi akachukua kofia yake ngumu.

"Nitawaambia vijana wang'oe vigingi," akasema. "Endeleeni kutukanana na ndege wenu." Akatoka, na mabuti yake yakasikika mpaka barabarani.

Chuma alibaki mlangoni, anahema, anakohoa. Domo akamwonyesha kidole gumba chenye damu.

"Ule wa kwanza ulikuwa wa nini?"

"Ule ulikuwa wako," Chuma akasema. "Nilitaka usikie unavyosikika."

"Ulitaka kuniua."

"Ningetaka kukuua ningepiga huohuo mpaka saa nne." Akafuta jasho kwa kofia. "Na wako wanane. Wewe mwaka huu uliandika saba. Kuna mmoja nyuma ya jabali, hukuwahi kumfikia. Mvivu wa miguu."

Domo akakifuta kidole kwenye suruali. "Radhi sikukuomba."

"Na mimi sijakupa."

Bwana Msitu alikuwa anaandika. Alikata jumla ya zamani, thelathini na mmoja, akaandika kumi na wanane, akaandika pia kwamba kuanzia mwaka ujao ndege watahesabiwa kwa visanduku, na wapiga mluzi wote wawili wataondolewa kwenye kazi hiyo na kubaki walinzi wa kawaida, zamu tofauti. Alisoma kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Halafu akaigeuza karatasi, akaonyesha chini palipoachwa nafasi ya saini mbili.

Chuma akashika kalamu kwanza, kwa kuwa ni mkubwa. Akasaini kwa herufi pana, akaijaza nafasi yote kutoka ukingo hadi ukingo, akaweka kalamu mezani, si mkononi mwa ndugu yake, akatoka.

Domo akaitazama karatasi, akaigeuza upande, akasaini kwenye pambizo.